Mpiga pasi asiyetaka kuona katuni

Saa mbili kasorobo asubuhi, na tayari mashati kumi na moja yananing'inia kwenye hanga. La kumi na mbili limelazwa kifudifudi mezani, kola imefunguliwa, na mwanamke mwenye kilemba cha kijani analinyunyizia maji kwa chupa ya plastiki. Mkono unafanya kazi yake. Macho yake yako juu ya mlango, ilipofungwa televisheni.

Kwenye kioo, mwanamume tajiri anaamka. Anajinyoosha, anashuka kitandani, anaanza kumfokea mkewe.

"Mtazameni huyo," anasema mpiga pasi. "Ametoka kulala usiku kucha na shati halina hata mkunjo mmoja. Nani kampigia pasi, malaika?"

Wateja wawili walioleta nguo wanacheka. "Bodi ameshaanza," anasema mmoja.

Bodi ndilo jina lake hapa dukani, kifupi cha Bodi ya Filamu. Walimpa wateja miaka mingi iliyopita, kwa sababu hakuna kipindi kinachopita mbele yake bila kukaguliwa. Ana umri wa miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka kumi na tisa amesimama kwenye meza hii hii, katika duka hili la kufua nguo lenye upana wa hatua sita, akipiga pasi mashati yasiyopungua sitini kwa siku.

Televisheni iliwekwa ili wateja wasichoke kusubiri. Lakini mteja hukaa dakika kumi akaondoka. Bodi hukaa nayo saa kumi.

"Mimi si mtaalamu," anasema. "Ni mtazamaji tu. Ila ukitazama kitu saa kumi kwa siku, mwisho hata usipotaka utakuwa na maneno."

Na maneno anayo. Matangazo ya sabuni ya unga anayaita hadithi za watoto: doa la mafuta haliondoki kwa kuchovya mara moja, na anayesema linaondoka hajawahi kufua hata leso. Msomaji wa taarifa ya habari wa saa saba mchana amemfuatilia kwa miezi mitatu, na ana hakika kwamba koti lake hupigwa pasi upande wa mbele tu. "Siku akigeuka, nchi nzima itashangaa."

Tamthilia anazipenda na kuzisema kwa pumzi moja. "Wanalia sana, lakini humo ndani hakuna mtu anayefanya kazi. Umewahi kuona mtu wa tamthilia anafua? Wana nguo mpya kila siku, na kamba ya kuanikia hawana."

Saa mbili kamili muziki wa kuchangamka unalia na rangi nyingi zinajaa kwenye kioo. Katuni. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni anageuka ili mwanawe aone. Bodi anaweka pasi wima, anavuta kiti, anapanda na kubadilisha stesheni kwa kidole.

"Samahani, mama," anamwambia mteja. "Hicho hapa hakipiti."

Anashuka, anachukua shati la kumi na tatu.

Mwenye duka amelizoea jambo hilo. "Nilimgombeza mara mbili tatu, nikanyamaza," anasema. "Katika wapiga pasi wote niliowahi kuwa nao, hakuna aliyewahi kuniunguzia nguo chache kama yeye. Mtu kama huyo ukimkera kwa ajili ya katuni, utakuwa huna akili."

Kazi yenyewe imemlipa inavyojua. Mkono wake wa kulia una makovu saba ya moto, na anaweza kukutajia kila kovu lilitokana na nguo gani. Mishipa ya miguu imevimba. Daktari alimwambia apunguze kusimama, akamuuliza daktari ni nani alishawahi kupiga pasi shati amekaa. Mshahara wake wa miezi mitano hautoshi kununua televisheni ile anayoitazama. Nyumbani, katika chumba anachoishi peke yake, hana.

Aliwahi kuwa nayo. Yeye na mumewe walikuwa na televisheni ya kioo kidogo na deki ya kuchezea mikanda, vitu walivyovinunua kabla hata ya kununua kabati. Mume alikuwa fundi rangi. Alipaka kuta za nje za majengo marefu, akining'inia na ndoo yake, na jioni alirudi nyumbani na madoadoa masikioni.

Kila Jumamosi walikodi mikanda miwili katika duka la mtaa wa pili. Mmoja wa mke, mmoja wa mume. Mke alichagua filamu za mapenzi au za mahakamani. Mume, mtu mzima mwenye ndevu, alichagua katuni.

"Nilikuwa namcheka," anasema Bodi. "Nikamwambia, baba nanihii, huoni haya? Akanijibu, wewe unaona mchezo wa watoto, mimi naona kazi ya rangi. Kila picha hapo kuna mtu kakaa akaipaka. Sekunde moja tu, picha ishirini na kitu. Hebu fikiria mkono wake unavyouma."

Alikuwa akisimamisha mkanda katikati na kumwita mkewe aje aone kivuli kilivyopakwa chini ya mti, au jinsi anga la jioni lilivyochanganywa rangi tatu. Binti yao mdogo alilalamika kwamba baba anaharibu hadithi.

Bodi anaamini kwamba watu walitazama vizuri zaidi siku zile. "Mkanda wa kukodi una siku zake. Jumatatu lazima urudi. Kwa hiyo unakaa, unautazama mpaka mwisho, hata ukiwa mbaya unautazama, halafu mnaugombania. Sasa hivi mtu ana filamu elfu kwenye simu na hajamaliza hata moja. Anaonja, anatema, anaonja nyingine."

Siku moja mume alimpakia rangi nyumba yake mpiga picha za video za sherehe. Kwa kufurahishwa na kazi, yule mtu akaja kwao na kamera yake na kuwachukua picha bure, karibu saa nzima, mchana wa Jumapili. Mume alikuwa akipaka ukuta wa chumba cha binti, aliyekuwa na miaka mitano. Ndani ya mkanda ule anamfundisha mtoto majina ya rangi, anaimba vibaya, anampaka mtoto bluu puani.

Mkanda haukuandikwa jina. Uliwekwa juu ya deki, na kwa kuwa kila mtu nyumbani aliujua, hakuna aliyeona haja ya kuuandika.

Mwaka uliofuata, jukwaa alilokuwa amesimama juu yake fundi rangi kwenye jengo la ghorofa sita liliachia upande mmoja. Alianguka kutoka ghorofa ya nne. Mkandarasi alisema hakujifunga mkanda wa usalama. Wenzake wawili walikwenda kusema kwamba mikanda ya usalama haikuwapo, siku ile wala siku nyingine yoyote. Waliandikwa majina, wakaambiwa wataitwa. Hawakuitwa.

Bodi anasimulia hayo huku akipiga pasi mkono wa shati, akiupitia mara ya tatu ingawa umeshanyooka.

"Wiki ya tatu baada ya kuzika, mtoto amekaa chini anatazama televisheni. Katuni ya punda mwenye kofia. Punda anakimbia juu ya paa, anafika mwisho, anaanguka. Anakuwa bapa kama karatasi. Halafu anajikung'uta, anaokota kofia yake, anaondoka. Mtoto akacheka. Halafu akaacha kucheka, akanigeukia. Akaniuliza, mama, mbona baba hakujikung'uta?"

Anaweka pasi wima.

"Nikang'oa waya ukutani."

Tangu siku hiyo hajaipa katuni nafasi. Hoja yake ni moja na haibadiliki: katuni zinawadanganya watoto juu ya urefu. "Wanasema ni vichekesho. Sawa. Lakini mtu anaanguka na hakuna wa kumpelekea mkewe habari. Anayechora hilo hajawahi kubisha hodi nyumba ya mtu akiwa ameshika kofia ya marehemu."

Lakini hiyo si habari yote, na siku ya kwanza hakuisema. Aliisema siku ya pili, Jumatano, siku yake ya mapumziko, akiwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha fundi wa vifaa vya zamani, na mfuko wa nailoni mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na mkanda wa video.

Baada ya msiba, yeye na binti walikuwa wakiutazama ule mkanda wa Jumapili kila juma. Kwa miaka miwili. Bodi wakati huo alikuwa akifua nguo za watu nyumbani, na jioni za Jumapili aliacha beseni, wakakaa wawili mbele ya kioo. Mikanda ya kukodi nayo waliendelea kuchukua, mmoja mmoja, na Jumatatu binti aliurudisha dukani akienda shule.

Jumatatu moja aliupeleka ule usio wa duka.

Waligundua Jumapili iliyofuata. Bodi alifungua kasha lililokuwa juu ya deki na kukuta mkanda wa filamu ya mahakamani. Alikwenda mbio hadi dukani, bila kitambaa kichwani, bila viatu.

Mwenye duka la mikanda alimfahamu marehemu vizuri. Alipoelezwa, uso ulimshuka. "Shemeji," alisema, "ule mkanda haukuwa na jina. Nilidhani ni katika mikanda yangu mitupu. Watoto wananisumbua wanataka katuni, kwa hiyo nimerekodi vipindi vya kwenye televisheni juu yake."

"Umerekodi juu yake?"

"Vinne, shemeji. Nisamehe."

Alimpa palepale. Bodi akaubeba nyumbani, akauweka kwenye deki na kukaa. Punda, punda, punda. Vipindi vinne. Vilipokwisha, kioo kilitoa chenga, kisha zikatokea dakika mbili za mwisho za Jumapili ile. Ukuta, mkono wa mume, sauti yake. Zilizobaki zote zilikuwa zimefutika.

"Nilimpiga mtoto," anasema Bodi. "Nilimpiga kwa waya wa pasi. Ana miaka minane. Nilimpiga mpaka jirani akavunja komeo. Mtoto alikuwa analia, mama si mimi, mama si mimi. Nikadhani anakataa kosa lake, nikazidi."

Benchi ni fupi. Anasogea pembeni kumpisha mtu anayepita na redio begani, kisha anarudi alipokuwa.

"Si yeye. Mwezi mzima ulipita ndipo nikakumbuka. Jumapili ile, baada ya kutazama, nililia. Nikawa naona haya mtoto asinione, nikazima taa, nikatoa mkanda gizani na kuutia kwenye kasha. Kasha la kukodi. Ule wa kukodi nikautia katika kasha letu. Mimi. Kwa mkono wangu. Asubuhi nikamkabidhi mtoto mfuko uliofungwa. Yeye alibeba tu."

Hakumwambia. Alisema moyoni atamwambia kesho, na kesho ikawa wiki, ikawa miaka. Binti akakua akijua kwamba ni yeye aliyempoteza baba yake mara ya pili. Akawa mtoto mtulivu, asiyegusa kitu cha mtu. Alipofikisha miaka kumi na minane aliondoka kwenda mji mwingine, mwendo wa saa tisa kwa basi. Sasa ana miaka ishirini na saba, anauza dawa katika duka la dawa, ana binti wa miaka mitano.

Walionana mara ya mwisho miaka miwili iliyopita. Binti alikuja na mjukuu kwa siku nne. Siku ya pili mjukuu alikuwa amejilaza kitandani kwa bibi yake, anacheka na simu. Bodi akasikia mlio wa kitu kinachoanguka. Akainyakua simu.

"Usimguse mwanangu," binti alisema. Hakupaza sauti.

"Nimechukua simu tu."

"Usithubutu kumpiga."

"Nani kasema nampiga?"

"Mimi nakujua, mama. Ulinipiga kwa ajili ya mkanda."

Waliondoka kesho yake kwa basi la asubuhi, siku mbili kabla ya wakati. Tangu hapo ni ujumbe mfupi wa simu tu. Umeamkaje. Nimeamka salama. Mtoto hajambo? Hajambo.

"Pale ndipo mahali pa kusema," anasema Bodi. "Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikajitia kukunja nguo."

Fundi anatoka na kumwita. Ni mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Chumba chake kimejaa deki kuukuu, redio za mbao na nyaya. Kazi yake siku hizi ni kuhamisha yaliyomo kwenye mikanda ya zamani kuyatia katika kifaa kidogo kinachoweza kuchomekwa kwenye televisheni yoyote.

Ameshaufungua mkanda. Anamwonyesha utepe kwenye mwanga wa taa: una vumbi jeupe pembeni.

"Dada, umeshaota ukungu. Nimeusafisha nilivyoweza. Naweza kuupitisha mara moja tu. Na siwezi kuukimbiza kwenda mbele, utakatika. Ni kuucheza tangu mwanzo, kwa mwendo wake."

"Mwanzoni ni katuni."

"Basi tutatazama katuni."

Bodi anamwangalia fundi kama aliyetukanwa. Kisha anaketi.

Kwa dakika hamsini na tatu, mwanamke ambaye kwa miaka kumi na tisa amekuwa akipanda kiti kubadilisha stesheni anatazama punda mwenye kofia. Punda anaanguka kisimani. Punda anagongwa na gari la moshi. Rangi zimefifia na picha inatikisika. Mwanzoni Bodi anatazama magoti yake. Katika kipindi cha pili anatazama kioo. Katika cha tatu, punda anapojaribu kuvaa suruali kichwani, Bodi anacheka mara moja, kwa sauti, kisha anajifuta mdomo haraka kama aliyeonja chakula cha wenyewe.

"Kivuli wamekipaka vizuri," anasema baada ya muda, kwa sauti ndogo. "Chini ya ile gari. Hapo wamejitahidi."

Fundi anainamia deki. Macho yake yako kwenye utepe.

Kipindi cha nne kinakwisha. Chenga. Halafu unatokea ukuta, nusu mweupe, nusu wa rangi ya maji ya bahari. Mkono wa mwanamume unapandisha na kushusha brashi. Uso wake hauonekani, ni bega tu na sikio lenye doa. Mtoto anapita mbele ya kamera mbio na kutoweka.

Sauti ya mwanamume inasikika wazi. "Bado inachukua hiyo? Haya, kamwite mama yako naye aje aonekane."

Sauti ya mtoto, kutoka mbali: "Mama! Baba anakuita uonekane!"

Na sauti ya tatu, ya mwanamke, kutoka chumba kingine, kali na yenye haraka: "Sina nafasi! Nina nguo za watu hapa!"

Mwanamume anacheka. Brashi inaendelea. Ukuta, ukuta, kisha giza.

Fundi anabonyeza kitufe na kuhema. "Imeingia yote," anasema. "Imeshahifadhiwa." Anapoutoa mkanda kwenye deki, utepe unakatika vipande viwili mkononi mwake.

Bodi hajasimama. Amekunja mikono yake yenye makovu juu ya mfuko mtupu.

"Kila nilipoutazama nilijisikia nikijibu hivyo," anasema. "Saa nzima alikuwa na kamera, bure, na mimi simo hata mara moja. Nguo zenyewe hata sikumbuki zilikuwa za nani."

Ameomba ruhusa ya siku tatu kazini. Mwenye duka amempa mbili, na kwenda na kurudi peke yake kunazimaliza. Amesema atakwenda siku tatu hivyo hivyo, na akikuta nafasi yake imechukuliwa, atatafuta meza nyingine. Mashati hayajaisha duniani. Tiketi ya basi ya Ijumaa ameshaikata. Ameificha ndani ya kilemba asije akaghairi.

Binti hajui kwamba mama yake anakuja. Bodi hakutaka kumpigia simu, kwa kuwa anajijua: kwenye simu atauliza habari za mtoto, kisha atakata.

Anachotaka kusema amekipunguza hadi kikawa kifupi. Kwamba ni yeye aliyeutia mkanda kwenye kasha la kukodi. Kwamba alijua baada ya mwezi mmoja, akanyamaza miaka kumi na tisa. Kwamba sauti ya mtoto iliyomo katika dakika zile mbili inapaswa kukaa na mwenyewe. Baada ya hapo, kama bado yuko ndani ya nyumba, ataomba akae na mjukuu watazame katuni, yoyote ile mtoto atakayochagua, mpaka mwisho.

"Sitegemei anisamehe," anasema. "Nataka tu aache kujihesabia kosa langu. Anaweza asinifungulie mlango. Nitasemea hapo hapo nje, majirani wasikie. Nilimpiga na majirani wakasikia."

Anateremka ngazi za fundi taratibu, mguu mmoja mmoja, akishika ukuta. Chini barabarani anageuka.

"Hayo yote andika," anasema. "Ila msiyatoe kabla ya Jumanne. Asije akayasoma gazetini kabla sijafika."